Koko wa Kando ya Ruzizi

Muhumba, Ibanda,
Bukavu, tarehe 10 Machi 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Christine,

Pokea salamu zangu nyingi, tena zenye joto, maana nasikia baridi ya Ubelgiji bado haijawaachia. Unaendeleaje? Lile jino limetulia? Unakula chakula cha maana, au bado ni mkate na chai tu? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Didier anakohoa kidogo kwa vumbi la barabara, lakini bugali anaumaliza, kwa hiyo simhesabu kuwa mgonjwa.

Najua tunaandikiana kila siku kwenye simu. Ila Sœur Lucie wa parokia yetu anasafiri kuja huko Jumatano, na amekubali kubeba bahasha hii pamoja na sambaza kavu, vile visamaki vya ziwa letu. Tena neno nililo nalo ni refu, halifai kuandikwa kwa kidole gumba.

Ni juu ya mwanao. Kabla ya Noeli uliniambia kwamba Gloire asipozoea huku hadi Pasaka, utaacha masomo urudi Kinshasa umlee mwenyewe. Sikukujibu. Wakati ule mtoto alikuwa bado analia kila asubuhi akivaa viatu vya shule, na mimi kukudanganya siwezi. Leo nakujibu, lakini univumilie, nitazunguka kidogo.

Wewe Bukavu unayoikumbuka ni ile ya kwetu Kadutu, nyumba juu ya nyumba, na jirani akipika sombe mnajua wote. Ulinicheka nilipoolewa huku, ukaniita muzungu wa Muhumba. Basi huyo muzungu anaishi kwenye annexe ya vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ya watu. Lakini miti, yaya! Miavoka, mikaratusi, na jakaranda inayotumwagia maua hadi kwenye sahani tukila nje. Ukishuka avenue yetu mpaka mwisho, unaona ziwa linavyofinyika na kuwa mto Ruzizi. Mto huo ndio unaotoa courant ya umeme, na sisi tunaolala karibu nao ndio wenye mishumaa mingi. Hata hivyo namshukuru Mungu kila ninapofungua dirisha.

Jumapili baada ya misa huwa natembea na Gloire huko chini. Siku ya kwanza aliutazama mto, yeye aliyezoea lile jito lenu la Kinshasa, akasema, “Mama mudogo, hii haiko mto. Ni mutoto ya mto.” Nikamwambia asiudharau, unashuka hadi Luvungi na Sange, na mchele anaoupenda unatoka bonde hilo. Alikuwa hajacheka tangu afike, na siku hiyo pia hakucheka.

Sasa sikiliza. Jirani yetu ni mama mzee, Maman Madeleine, Mushi wa Walungu, mjane. Watoto wake wote wametawanyika mbali. Uwanja wake na wetu umetengwa na ua wa miti tu. Siku moja avoka ilianguka kwake, ikabingirika hadi miguuni pa Gloire aliyekuwa amekaa analia. Mtoto akaiokota, akampelekea. Yule mama akamwambia, “Koko!”

Wewe na mimi tunajua kwamba kwa Mashi, lugha yake, hiyo ni asante. Lakini mwanao kwa Kilingala chake alisikia nini? Bibi! Akaja mbio kuniambia kwamba yule mama ni koko. Nami, nikiwa na sufuria jikoni, nikajibu ndiyo, ni koko, nikidhani anaheshimu mzee kama watoto wote wa Kinshasa. Kumbe yeye ameelewa kwamba huyo ni bibi yake hasa, mama yetu sisi, na kwamba ulimtuma Bukavu kwa sababu hiyo. Mama yetu alikufa kabla Gloire hajazaliwa, na sikufikiri kama mtoto anaweza kutamani mtu ambaye hajamwona.

Tangu hapo, kila akitoka shule, anapita kwenye ua na kuita, “Koko!” Maman Madeleine naye anasikia asante. Basi anatafuta cha kumpa, maana aliyekwisha kushukuru haachwi aende mikono mitupu. Leo avoka, kesho mapera, kesho kutwa muhindi wa kuchoma. Mwisho alikuja kwangu akiwa amejaa sifa: “Huyu mutoto balimulea muzuri sana. Ananishukuruka mbele hata sijamupa kitu!” Nikajivuna, nikapokea sifa zako zote kana kwamba ni zangu. Na bado sikuelewa.

Mtoto akaanza kula. Akaacha kulia. Nikamwambia Didier kwamba ni hewa ya mtoni.

Jumatatu iliyopita tulikwenda sokoni Nguba. Nyanya ya muuzaji ikaanguka, Gloire akaiokota, na yule mama akamwambia, “Koko!” Mtoto akasimama kama mti. “Mama mudogo, huyu naye ni koko yangu? Niko na bakoko ngapi huku Bukavu?”

Hapo ndipo nilipoelewa, yaya. Nilimweleza njiani taratibu. Jioni hakugusa chakula, na mimi nilikaa kitandani nikilia, nikiona valisi yako ya nguo inafungwa huko Ubelgiji kwa sababu ya neno moja.

Kesho yake alipotoka shule nilijificha nyuma ya dirisha. Alipita kwenye ua bila kuita. Maman Madeleine mwenyewe ndiye aliyemwita, akampa avoka mbili. Gloire akazishika, akamtazama sana, kisha akasema, “Koko, koko.”

Asante, bibi. Yule mama hakuelewa chochote, alicheka tu, akarudia naye, “Koko, koko!” Ikabidi nitoke kumweleza. Alifuta macho kwa kitenge chake, akaniambia, “Muache aniite vile. Bajukulu yangu iko mbali, na wake bibi hayuko. Njo hivi tunatoshana.”

Watu husema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Usikasirike, wewe bado tunakuhitaji. Ila usiguse valisi hiyo. Marehemu mumeo, shemeji Stanislas, alitaka umalize masomo, na mwanao ana bibi wa kumlisha avoka mpaka ushindwe kumbeba.

Nisalimie binamu Ulrich na nyumba yake. Didier anakusalimu, na tonton Venant wa Kadutu anauliza kama huko kuna bugali. Maman Madeleine anakusalimu pia, anasema uzazi wako ni mwema.

Mungu akufunike kwenye baridi hiyo, akufungulie akili, na akurudishe kwetu na diploma mkononi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupunguza,

Colombe

Gloire amenyang'anya kalamu, anataka kuandika mwenyewe:

Mama, baki usome. Na koko. Hii ni ile ya huku.