Vyondo vya Marehemu Nyanya

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Baba na wote hapo Dundori. Natumaini baridi haijakurudishia ile shida ya magoti, na kwamba ng'ombe alizaa salama. Mimi ni mzima, nakula, nalala, lakini moyo umechafuka hadi nimeona simu haitoshi. Ungesikia sauti yangu ungedhani nimelia, na mimi sijalia, nimekasirika.

Uliniuliza kama natembea. Nimetembea, Mama, na hakuna pa kutembea. Kisiwa chenyewe ni kidogo hivi kwamba ukibandika githeri hapo nyumbani, nami nikaanza kukizunguka kwa gari, nitakuwa nimerudi kabla maharagwe hayajaiva. Jumapili nilipanda basi la watalii tukapelekwa kuona kijiji cha zamani. Cha zamani, na vibanda vyake vinanuka rangi mbichi. Wanawake wa umri wako wamefungwa vitambaa vya maua kichwani, wanatwanga vinu visivyo na kitu, na watu wanawapiga picha kama wanyama wa mbugani. Nilimuuliza mmoja anatwanga nini. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Natwanga mpaka saa kumi." Nikacheka, halafu nikaona kinyaa.

Maduka nayo ndiyo balaa. Meli ikitia nanga watu wanashuka wamebandikwa namba kifuani, wananunua mpaka mawe. Mawe ya ufuoni, Mama, yaliyopakwa rangi. Kila kitu kimeandikwa kwamba kimetengenezwa hapa, na hapa hapatengenezwi hata kijiko. Najua kwa sababu mimi ndiye ninayefungua mizigo dukani.

Sasa nikuambie kinachoniuma. Unakumbuka tajiri wangu alivyokuja kununua vyondo vya kikundi chenu, akanipenda kwa kuwa najua kusuka na Kiingereza changu kinatoka, akanileta huku niuze. Aliwaahidi kwamba kila kiondo kitamfikia mnunuzi na kadi yenye jina la aliyekisuka. Wewe ukajiandikisha gumbaru, ukaketi darasani na magoti yako hayo, ili uandike hizo kadi kwa mkono wako. Siku naondoka uliniambia, "Wambui, uniangalizie kama jina yangu imefika vizuri." Kila nikipiga simu unaniuliza, nami nakujibu limefika.

Limefika, ndiyo. Linafika kwangu na mimi nalikata kwa makasi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kila mzigo ukija: nakata kadi zenu, nazitupa, nafunga nyingine zilizochapishwa kwamba kiondo kilisukwa na nyanya mmoja wa kisiwa hiki, msukaji wa mwisho, aliyefariki. Picha ya huyo nyanya sijui waliitoa wapi. Halafu nasimama mlangoni na kitambaa changu cha maua nasimulia kifo chake, ati mimi ni mjukuu. Watu wanashika vifua, wananunua viwili viwili. Nimekuzika mara nyingi, Mama, na mshahara nimepokea. Naionea aibu mikono yangu.

Jana mama mmoja mzee alishika kiondo chako, kile cha mistari ya zambarau. Ningekijua hata nikifumba macho, kwa vile unavyokaza ukingo. Akatokwa na machozi.

"Pole sana, mwanangu. Alikufa lini?"

Sijui nilipatwa na nini. Nikamwambia, "Hajakufa. Saa hii yuko shambani anapalilia viazi."

Alikirudisha mezani, akajipangusa macho, akaondoka. Cha mtu aliye hai hakikumfaa.

Tajiri akaniita nyuma ya pazia. "Wambui, unaniharibia biashara. Hadithi ndiyo inayouza, kikapu ni kikapu tu. Kesho kutwa meli mbili zinaingia. Uisimulie vizuri, ama upange nguo zako."

Najua umewaambia watu wa kanisa kwamba niko pazuri, na najua kikundi kinamtegemea huyu tajiri wangu. Waambie wenzako ukweli kabla hawajampa mzigo mwingine, waamue wenyewe. Mimi nimeshaamua. Kesho nitasimama pale mlangoni kichwa wazi, na wa kwanza kuuliza nitamtajia jina lako lote, na Dundori yenyewe. Kwa hivyo ukiniona nimetokea hapo getini kabla ya wakati, usiulize nimeleta nini.

Nisalimie Baba, na shangazi wa Elburgon aliyenifumia sweta ambayo huku haivaliki kwa joto, na mama pasta aliyeiombea safari yangu. Mwalimu wako wa gumbaru naye mwambie alifundisha vizuri, maana mwandiko wako unasomeka hata ndani ya pipa la takataka.

Ni mimi Wambui, ambaye mama yake yu hai.