Waliokuja Kutuuliza Tunahitaji Nini

Marui
Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Nimeoga maji ya mtungini, ya baridi. Yakiwa yamepigwa na jua miguu inagoma kabisa, na macho yanaingia ukungu. Nimeshika ukuta hadi jikoni. Nimechambua mchele. Kazi hiyo tu, nimechoka kama niliyelima toka alfajiri.

Mguu wa kushoto unaburuta. Wa kulia bado unanisikiliza. Ncha za vidole zina ganzi, naandika polepole.

Binti yetu Neema yuko shule. Shule yangu ile ile. Mwaka wa pili huu sifundishi. Kutoka hapa nawasikia watoto wakikariri hesabu, na mwalimu mpya anawaacha wakosee. Inaniuma.

Mama mkwe amekwenda kisimani mara ya pili. Amerudi, akayamimina mtungini.

Alhamisi, 7 Oktoba

Mgeni. Bibi Asha, wa ofisi ya wilaya, amekuja na Landrova ya serikali. Mpole, mrefu, anavua viatu mlangoni. Anataka kujua watu waliokufa miguu huku Marui na Mzenga wanahitaji nini. Kuna shauri la kujenga nyumba kule Kwala, upande wa Kibaha. Tutakusanywa wote huko, tuwe na dresa wetu wa dawa na mpishi. Bwana Shauri, yule afisa Mzungu wa wilaya, atakuja mwenyewe kusikiliza, kabla ya Krismasi.

Amezunguka juma zima hajapata kitu. Kila nyumba inamjibu hatujambo. Nyingine zinamficha mgonjwa. Mchungaji amemwambia yuko mwalimu mwenye maradhi ya namna hiyo, labda watu watamwambia yeye. Akaniomba nifuatane naye.

Nimekataa. Sitaki kutembezwa vijijini kama kioja.

Mume wangu Yakobo amerudi kutoka karakana, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakunibembeleza. Ameniuliza tu yule daktari wa Dar es Salaam alitaka kujua nini kwangu.

Nikakumbuka. Alinigonga magoti kwa kinyundo cha mpira. Alinichoma nyayo kwa pini. Akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, huja na kuondoka, na huenda siku moja usiondoke. Dawa hakuna. Kwa watu weusi hajapata kuuona. Kisha akanipa mkono. Hakuuliza nitapikaje, nitafika vipi chooni.

"Basi kaulize wewe," Yakobo akasema.

Nimemnunia hadi chakula kikaisha. Nitakwenda.

Jumanne, 12 Oktoba

Yakobo amenibeba hadi garini mbele ya watu wote. Aibu. Amenikalisha, akanitengenezea kanga shingoni, akaenda zake kazini bila kugeuka. Nadhani alikuwa anaona aibu na yeye.

Nyumba ya kwanza, Mzee Shomari. Alikuwa akichukua mizigo ya pamba zamani. Sasa anakaa juu ya jamvi, miguu imekunjwa kama ya mtoto. Mpwa wake akawa anajibu kila swali. Mjomba hajambo. Mjomba anakula. Mjomba hana shida.

Bibi Asha alikuwa anauliza vizuri tu, kwa adabu. Mzee anaitikia, "Alhamdulillahi." Basi.

Nikasema, "Shikamoo baba. Chooni unafikaje?"

Mpwa akatazama nje. Mzee akautazama mguu wangu, jinsi ulivyolala upande.

"Marahaba, mwanangu. Nabebwa. Na mke wa huyu." Akamwonyesha mpwa kwa kidevu. "Ndiyo maana baada ya adhuhuri sinywi maji. Nisimsumbue."

Mpwa alikuwa hajui. Nimeona usoni mwake. Akainama akaanza kuchezea ukili wa jamvi.

Njiani Bibi Asha akaniuliza kama mimi nakunywa maji mchana. Nikamwambia Yakobo amechimba choo kipya karibu na mlango wa nyuma, ameweka na nguzo za kushikia. Akasema, "Hilo sikuwa nimeliandika popote."

Jumamosi, 16 Oktoba

Tangu Jumatano kitandani. Miguu kama imefungwa mawe. Na jua hili.

Mama mkwe alikuwa jikoni na jirani. Amesema nikienda Kwala nitakuwa na wenzangu. Amesema mwanawe bado kijana, anahitaji mke wa kumchotea maji. Alijua nasikia. Jirani alikohoa.

Namchukia. Leo namchukia kweli.

Anaamini nimekanyaga kitu nilichotegewa. Alimtaka Yakobo anipeleke kwa mganga, Yakobo akakataa, tukaitwa wajeuri wa misheni. Mimi sitaki mganga. Lakini zipo siku ningependa maradhi haya yawe yamefanywa na mtu, nijue wa kumkasirikia.

Jumatano, 27 Oktoba

Mzenga. Siku kubwa. Niandike kabla mkono haujachoka.

Nyumba ya mwisho walitukaribisha vizuri mno. Mkeka mpya, madafu. Hakuna mgonjwa hapa, baba mwenye nyumba akasema. Tulipokuwa tunaondoka sauti ikatoka chumba cha ndani, "Yuko, baba. Mwambie yuko."

Anaitwa Mwanahawa. Msichana mkubwa, aliolewa akaachwa mwaka huu. Mumewe alisema anajifanya. Maana asubuhi anatembea, mchana anaanguka. Mwezi huu jicho linakufa, mwezi ujao linaona.

Nikaomba nisogezwe karibu naye.

Nikamwuliza kama jicho lilimuuma akiligeuza kabla halijafifia. Ndiyo. Kama miguu inahisi imelowa ilhali ni mikavu. Akashika mkono wangu. "Dada, nilidhani nina wazimu. Najipangusa najipangusa, hakuna maji."

Tukacheka. Tulicheka mpaka mama yake akaja mlangoni. Uji wa moto, je? Anasubiri upoe, kama mimi. Uchovu ule usioisha hata ukilala? Ule ule. Nimeishi na kitu hiki miaka, leo nimekutana na mtu anayekijua kutokea ndani.

Bibi Asha alitoka nje akatuacha. Namshukuru kwa hilo.

Kisha Mwanahawa akauliza, "Yatanitoka?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia yatapungua, na yatarudi, na sijui zaidi ya hapo. Akalia kidogo. Akasema afadhali kujua.

Baba yake ameshaamua. Nyumba ya Kwala ikijengwa, atampeleka. Wadogo zake hawajaolewa, watu wasije wakasema ukoo una maradhi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hivyo huku anatazama miguu yake mwenyewe.

Jumapili, 7 Novemba

Kanisani sikwenda. Joto. Yakobo amekwenda na Neema.

Nimejua nitakalomwambia Bwana Shauri. Nitamwambia hakuna hata mmoja anayetaka Kwala. Tunataka choo karibu, maji karibu, dresa apite na baiskeli yake. Tubaki na watu wetu. Nimelipanga kichwani kama somo.

Jumatano, 10 Novemba

Jicho la kulia linauma nikiligeuza.

Jumatatu, 15 Novemba

Jicho limekwenda. Kijivu tupu, kama kuangalia kupitia moshi. Mkono wa kulia unatetemeka. Herufi kubwa hivi kama za Neema.

Siwezi kusimama. Kikombe kimeniponyoka, kimevunjika. Ninaogopa.

Ijumaa, 19 Novemba

Yakobo ananilisha. Anapuliza kila tonge lipoe. Sikumwambia apulize.

Leo mama mkwe amesema mbele yetu, si jikoni tena. Ameona mwenyewe hali imefika hapa. Kwala watanitunza watu waliosomea. Aliongea polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Yakobo akaweka sahani chini. "Mama, siku atakayokwenda Kwala, nifungie na mimi mizigo yangu."

Mama mkwe alitoka nje. Nilisikia ndoo. Kisimani tena, jua limesimama utosini.

Nilitaka kufurahi. Sikuweza. Yakobo ni mwanawe wa pekee.

Alhamisi, 25 Novemba

Baraza, uwanjani kwa jumbe. Yakobo alikuwa ametengeneza kiti chenye mikono mirefu, akaniketisha kivulini, akaweka kitambaa chenye maji kichwani pangu. Bwana Shauri kijana, mwekundu, anasikia Kiswahili vizuri. Bibi Asha karibu naye. Watu wengi. Mzee Shomari aliletwa na mpwa wake kwa baiskeli. Mwanahawa alikuja, kajifunika, baba yake pembeni. Kuja tu ni kitu kikubwa.

Nilisema niliyopanga. Sauti ilitetemeka, ila ilifika. Nilipotamka kwamba hakuna hata mmoja wetu anayetaka Kwala, Mzee Shomari akainua mkono.

"Mwalimu, mimi nitakwenda."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza. Watoto wake wote walikufa. Mpwa ni mtu mwema, na mkewe ni mtu mwema, ndiyo maana hawezi kuwatazama machoni. Kama serikali inamlipa mtu kazi ya kumbeba, atabebwa bila kuona haya. Mpwa wake analia, mzee anampapasa goti. "Utakuja kunitazama."

Nimezunguka vijijini kuuliza, kisha nikawasemea wote. Bwana Shauri akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema kila mtu aulizwe lake.

Hapo mama mkwe akasimama. Sikujua hata kama yuko. Alikuwa nyuma na wanawake, kanga mbili, ile nzuri juu.

"Mimi hamkuniuliza."

Jumbe akataka kumkalisha. Bibi Asha akasema, "Tunakuuliza, mama. Sema."

Akasema. Yeye ndiye anayechota maji ya huyu mwalimu. Yeye anafua, yeye anamgeuza. Magoti yake yanauma, nani amewahi kuyauliza? Dada yake alifariki kule Mafizi, hakwenda kuzika, kwa sababu angemwacha nani hapa. Anahitaji kisima kisogezwe. Anahitaji mtu wa kumshika mkono siku mbili tatu, naye akalie watu wake.

Dada yake. Nilijua amefariki. Nilidhani hakwenda kwa sababu ya mvua.

Bwana Shauri akauliza, "Kwa hiyo wewe unataka mkweo apelekwe Kwala?"

Aligeuka akanitazama. Nilimwona nusu, kwa jicho moja.

"Mimi nimesema nimechoka. Sikusema nimemchoka yeye."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nililia bila kujificha, mikono ilikuwa haifiki usoni. Akaja akanifuta kwa ncha ya ile kanga nzuri, kwa nguvu, kama anavyomfuta Neema pua. "Nyamaza, watu wanatutazama."

Jumatano, 1 Desemba

Bibi Asha amekuja kuaga. Nyumba ya Kwala itajengwa, ndogo, kwa wasio na watu au wanaopenda wenyewe. Kisima kitachimbwa upande wetu. Dresa atapita kila mwezi, amesema, kisha akaongeza kwamba nisichoke kuandika ofisini wakisahau. Nampenda kwa kusema kweli.

Yakobo ameagizwa viti kama changu. Ameanza kutafuta mbao.

Mwanahawa anabaki kwao. Baba yake alimwambia mama mkwe, hakuniambia mimi. Amesema kama mama wa watu anaweza kusimama na kumdai mkwewe hadharani, yeye amfiche mtoto wa kumzaa mwenyewe kwa ajili ya nini. Mwanahawa atakuja kukaa nasi Krismasi.

Mama mkwe amekwenda Mafizi. Wanawake wa kanisani na wa kwa jumbe wamegawana zamu za maji. Hakuna aliyewapanga, walipangana wenyewe kisimani.

Jumatatu, 6 Desemba

Jicho linaanza kuona rangi. Nyekundu bado imefifia, kama kanga iliyofuliwa sana.

Yakobo amenisuka. Mistari inakwenda kila upande. Neema amecheka hadi akakaa chini. Nimekataa kufumua.

Jumamosi, 11 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Kumepoa. Nimekaa kitandani bila kuegemea, nimeshona kifungo kimoja.

Mama mkwe amerudi leo, kabla ya siku aliyosema. Tulidhani kuna jambo. Amesema hapana, kule kuna kimya mno, hana mtu wa kugombana naye. Ameleta mihogo na mafuta ya nazi aliyokamua na shangazi zake. Aliniambia kidogo habari za kaburi la dada yake. Wamelipanda maua.

Kisha akapanda kitandani, akaweka miguu yangu mapajani pake, akaanza kunikanda kwa yale mafuta. Polepole, kidole kwa kidole. Nje matone yanaanguka kwenye makuti.

Wa kushoto sikuuhisi kabisa. Sikumwambia. Nilikuwa naiona mikono yake.