Kosa Alilolisema Bi Zuhura

Tandika, Temeke

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kinakuacha ulale. Mama naye, goti lake linaendeleaje kwenye baridi hiyo ya huko? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Ningepiga simu, lakini wewe na simu mnajuana wenyewe: ungeniuliza "unasemaje?" mpaka salio liishe, na mambo haya hayasemeki kwa kupiga kelele huku wapangaji wenzangu wote wametega masikio. Ndiyo maana nimempa barua Dada Tumaini, binti wa shangazi, anayepanda basi kesho pale Mbezi Luis.

Unakumbuka nilivyokwambia nimefanywa kiongozi wa timu hapa kiwandani tunaposhona sare za shule. Ulifurahi ukawatangazia hadi watu wa kanisani. Baadaye kampuni ikatupeleka semina ya uongozi. Mwalimu wa semina alisema kazi hukua pale watu wanapoweza kusema makosa yao bila woga, na wenzao wakajifunza. Maneno hayo yaliniingia, Baba. Nikaanzisha kikao kifupi kila asubuhi kabla cherehani hazijawashwa. Kila mtu aseme alipokosea jana, na hakuna wa kuadhibiwa. Niliahidi mbele ya wote.

Hakuna aliyefungua mdomo. Nani atangulie kusema, na mtu mzima yupo pale amenyamaza? Mtu mzima mwenyewe ni Bi Zuhura, mzaliwa wa hapa hapa Temeke, mkataji wetu wa vitambaa. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipofika sijui hata kushika mkasi wa fundi. Ndiye aliyenipikia uji nilipougua malaria. Nikamfuata kwake, nikamwomba aanze yeye.

"Mie sijazoea kujianika mbele za watu," akasema. "Ila umeniomba wewe. Nitasema."

Kesho yake akasimama. "Macho yangu hayanitii tena. Mstari mmoja wa chaki nauona miwili. Juzi nimekata mikono ya mashati ikawa mifupi, nikaificha chini ya meza."

Watu wakatazamana. Halafu Asha, msichana wa cherehani ya mwisho, akapiga makofi, sote tukafuata. Tangu siku hiyo ndimi zikafunguka. Aliyevunja sindano akasema, aliyegeuza kola akasema, tukataniana, tukaonyeshana. Asha akawa anamchorea Bi Zuhura mstari mnene, naye Bi Zuhura anamfundisha kukata. Mashati ya kurudishwa na maduka yakapungua. Sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda wakati ule.

Meneja akapata habari, akaja kukaa nasi asubuhi moja. Bi Zuhura akaeleza bila kuficha jinsi anavyosaidiana na Asha. Meneja akatusifu, akapiga makofi. Mchana akaniita ofisini.

"Mtu asiyeona mstari hawezi kukaa na mkasi," akasema. "Na bahati nzuri huyu binti keshajifunza. Yule mama mwisho wake Ijumaa."

"Bosi, niliahidi hakuna atakayeadhibiwa."

"Uliahidi wewe. Kampuni haikuahidi."

Nilimsihi ampe hata kazi ya kukunja nguo, au abaki awafundishe wasichana. Akaanza kuchezea simu yake, nikajua mazungumzo yamekwisha. Nilimchukia, Baba, sikufichi.

Jumapili nikaenda kwa Bi Zuhura. Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikainama nikasema, "Shikamoo, Bi Zuhura." Hakuniambia marahaba. Alisema, "Karibu, bosi," akanivutia kigoda, akaendelea na mchele wake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nililia njia nzima hadi chumbani kwangu.

Sasa kikao kipo kila asubuhi kama kawaida. "Mie sina kosa," anasema wa kwanza. "Na mie sina." Asha, ambaye ndiye mwenye meza ya kukatia sasa, hainui hata uso anapojibu. "Sie wote hatukukosea, sista." Mashati mabovu yameanza kujificha tena chini ya meza, nami nayaona nanyamaza.

Meneja yeye anaona mambo ni mazuri. Anataka niende tawi letu la Boko nikawaanzishie wenzetu kikao kama hiki, na mshahara utapanda. Nimemwambia sitamfumbua mtu mwingine mdomo mpaka Bi Zuhura arudishwe, hata kwa kufundisha tu. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nifikirie upya, la sivyo nitafute kazi kwingine. Baba, sina cha kufikiria upya. Najua ada ya Tito inanitegemea, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nisalimie Mama sana, umwambie kitenge chake nimempa Dada Tumaini. Msalimie mdogo wangu Tito, asiambiwe habari ya ada kabla ya mitihani. Na shangazi muuza maziwa, na Babu mzee wa kanisa, waniombee.

Na wewe, Baba, nina ombi moja. Ukiniona nashuka kwenye basi na mizigo yangu yote, usiniulize lolote mbele za majirani. Nipokee begi tu, twende nyumbani.

Ni mimi binti yako,
Agnes