Sofa ya Masanja

Jumapili, usiku

Halafu eti mimi ndiye mkatili! Kaka Masanja alimkataza mama kushika jembe, eti majirani wasiseme tumemtelekeza. Tangu hapo mama kazi yake ni kukaa kwenye sofa aliyomnunulia kwa pesa za machimboni. Leo ametaka kuinuka, magoti yakagoma. Tumembeba hadi chooni kama gunia. Nikasema mama anahitaji kutembea, si kukalishwa.

"Dada, mwache mama apumzike," Masanja akanifokea.

Mama akamdaka: "Baba, amekufa nani? Mbona unanikalisha kama mfiwa?"

Bwana mkubwa akacheka. Mjinga.

Kesho akishapanda basi la Geita, namtoa mama uani tukate viazi vya kuanika michembe. Sofa watailalia kuku.

Ila yale magoti. Naogopa yameshamtii Masanja.