Uchochoro wa Nyuma ya Nyumba

Mji wa Kale, 3 Juni 2024

Kaka Jamaldin,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe na wana? Mimi, Alhamdulillahi, bado niko ndani na eda ya marehemu mume wangu. Umesikia huko Maskati kwamba gofu la nyuma limeinamia nyumba yetu ya urithi, ukataka picha. Mimi sitoki, basi nimemtuma Nekesa, mpiga picha wa Tononoka. Picha ndiyo hiyo. Ukuta umetulalia kabisa!

Dadako,
Ummukulthum

Maskati, 9 Juni

Dada yangu,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, twakuombea subira. Picha imenitoa jasho. Nimepata mnunuzi. Eda ikiisha tuiuze nyumba, nawe upange Tononoka. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kakako,
Jamaldin

Mji wa Kale, 20 Agosti

Kaka,

Salamu nyingi. Afya zenu? Eda imekwisha. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nikilia. Nimezaliwa humu, nimeolewa humu, na jeneza la mume wangu limetoka humu. Niende wapi?

Jana nilipotoka, kabla hata ya kwenda sokoni Marikiti, nilizunguka nyuma. Kaka, uchochoro kati yetu na gofu upo! Mkokoteni wapita! Nikampigia Nekesa nimgombeze, akacheka. Siku ile alisimama mwisho wa njia na lenzi ndefu, na ukipiga kwa mbali hivyo, cha mbele na cha nyuma huonekana vimegandana. Akaja akapiga tena, karibu, kwa lenzi fupi. Katika picha hiyo uchochoro umekuwa mpana kama barabara ya Mama Ngina!

"Hii nayo imetia chumvi, Mama," akasema. Akanisimamisha katikati, nikanyoosha mikono yote miwili, akapiga ya tatu. Sigusi ukuta huu wala ule.

Gofu limeinama kidogo, ni kweli, na mwenyewe ameleta mafundi walishikize kwa boriti. Nakutumia picha zote. Tafadhali, usiniuzie nyumba.

Dadako,
Ummukulthum

Maskati, 22 Agosti

Dada yangu mpenzi,

Sisi hatujambo, ila mimi macho yamevimba. Nilifungua picha nitazame kuta, nikakuona wewe. Sijauona uso wako tangu msiba. Umekonda, lakini wacheka, na mikono umeitanua kama ulivyokuwa ukinizuia nisipite tulipokuwa wadogo. Nimelia mbele ya wana, nao wakanicheka.

Mnunuzi amepiga simu leo asubuhi. Nimemwambia nyumba ina mwenyewe.

Kakako,
Jamaldin