Shemeji Anarudi Kwenye Mashine na Glavu Mkononi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, mimi ni fundi wa kukereza mbao, natengeneza miguu ya meza kwa mashine inayozungusha mti huku nauchonga kwa patasi, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anarudi kazini karakanani kwangu Jumatatu na sijui nifanyeje kuhusu atakachovaa. Mke wangu ni fundi cherehani, mwaka jana alinishonea koti la kazi zito, mikono mirefu mipana, akaniambia, "Baba watoto, vumbi lisikuguse," nami nikalisifu, ingawa nilijua mkerezaji havai mikono mipana, sikutaka kumvunja moyo, basi nikawa natoka nalo nyumbani, nikifika karakana nalitundika kwenye msumari, na jioni nalipaka vumbi kidogo ndipo narudi nalo. Asubuhi moja ya baridi shemeji akalitwaa akalivaa, na nilimwona, mshauri, nilimwona kabisa akiwasha mashine, nikanyamaza, maana ningemwambia avue angeuliza kwa nini, na maneno yangefika kwa dada yake kabla sijafika mimi. Mti ukakamata mkono wa koti ukamvuta, nikakimbilia swichi, lakini mfupa wa mkono wake ulishavunjika. Mama mkwe alimwambia mke wangu mbele yangu, "Umemshonea mwanangu kilema," nami nikatazama sakafu, na tangu siku hiyo, miezi saba sasa, mke wangu hajagusa cherehani. Sasa daktari amemruhusu shemeji kurudi, na mke wangu kwa hofu amemnunulia glavu nene za ngozi, na mimi najua glavu kwenye mashine ile ni balaa kuliko koti, ila nikisema ataniuliza nilijua tangu lini. Je, kuna nguo ya kinga ninayoweza kumpa ili glavu zisahaulike bila maneno mengi?

Ni mimi, Mkerezaji Mwenye Mawazo.

Bwana Mkerezaji, pole nampa shemeji yako. Wewe subiri.

Loo! Mtu mzima na ndevu zake anapaka koti vumbi ili mkewe asijue! Kusifu zawadi isiyokufaa ni jambo la kawaida, hata mimi nimewahi, na kama ungeishia hapo tungecheka yakaisha. Lakini ulimtazama shemeji yako akiwasha mashine. Kisha mkeo akatukanwa kwa kosa lako, wewe ukahesabu mbao za sakafu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwako kilio cha kwanza kimepita na bado unaficha. Unangoja cha pili?

Umeniuliza nguo, haya, ingawa unazijua kuliko mimi, maana nimelazimika kumuuliza fundi mwenzako. Ovaroli inayomkaa mwilini, mikono iishie juu ya kiwiko, shingo ifungwe, pasining'inie kitu. Pete na saa aziache nyumbani. Usoni ngao ya plastiki ngumu, na barakoa puani, kwa sababu vumbi mkeo alilokuwa analiogopa linaingia huko. Viatu vya kufunika vidole. Glavu hapana, hata kwa dakika moja: zikinaswa, zinavuta na mkono. Hakuna nguo ya kumsahaulisha mtu glavu, bwana. Kuna mdomo wako tu.

Basi leo, usingoje Jumapili, waite mkeo, shemeji na mama mkwe wakae chumba kimoja. Sema: "Nilijua, nilimwona, nikanyamaza." Usitie "lakini" hapo. Mama mkwe akikufokea, pokea, ni zamu yako. Shemeji akikataa kufanya kazi na wewe, ana haki, na umtafutie karakana nyingine. Wala usimwombe mkeo msamaha siku hiyo hiyo, mwache kwanza akasirike. Miezi saba amelala kitanda kimoja na mtu anayejua kwamba mkeo hana kosa, na mtu huyo hakumwambia.