Mkono Alioinua Mama

Kasingirima, Ujiji
16 Juni 2024

Dada Genoveva,

Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimekwama kwenye salamu. Nikikuandikia "Bwana asifiwe" utaichana kabla ya mstari wa pili. "Tumsifu Yesu Kristo" nayo niliitupa mwenyewe miaka kumi na mitano iliyopita, siku ile nilipozamishwa ziwani nikaibuka napiga kelele kwamba sasa ndiyo nimebatizwa. Basi pokea ile isiyo na dhehebu: shikamoo, dada yangu. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Dagaa wanaanikwa, au mbalamwezi imewalaza wavuvi nyumbani? Sisi huku ni wazima. Mke wangu Joanitha angekusalimu kama angejua naandika.

Najua umeifungia namba yangu tangu msiba wa mama, mwaka wa tatu huu. Ndiyo maana nimempa Alphonce wa boti karatasi.

Dhumuni lenyewe ni hili. Mwezi wa tatu amplifaya ya parokia iliungua, na fundi wa mitambo ya sauti mjini hapa unamjua. Nilikwenda kufanya kazi tu. Nikakuta watu wanaabudu, Ekaristi iko altareni, nikaambiwa nisubiri. Nikakaa benchi la nyuma na begi la bisibisi mapajani. Dada, saa nzima hakuna aliyesema neno. Mimi maisha yangu ni kupandisha sauti. Mchungaji Eliakimu akinyoosha kidole juu, napandisha. Akinyoosha tena, napandisha tena. Pale hakuna aliyenihitaji. Mbele yangu alipiga magoti bibi mmoja, nyayo zimepasuka kama za mama. Nikalia. Aliyeniangalia nilimwambia ni vumbi la spika.

Tangu siku hiyo narudi. Naenda Misa ya asubuhi kwa njia ya nyuma, kofia imefika kwenye nyusi. Juzi nimegongana na mwanakwaya wetu getini, nikamwambia nimekuja kukagua nyaya. Mimi huyu, niliyesimama sokoni nikihubiri kwamba wale wanaabudu sanamu! Naona aibu kuingia, naona aibu kutoka. Lakini nataka kurudi, dada. Wewe ndiye katekista, sina mwingine wa kumwuliza. Nianzie wapi?

Mdogo wako,
Meshack


Mwamgongo
3 Julai 2024

Meshack,

Marahaba. Sisi wazima. Dagaa wapo. Shemeji yako anakusalimu. Yeye hana kinyongo, ndiyo maana ananenepa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaiweka chini ya debe la mawese nisiione. Unaniuliza uanzie wapi. Acha nikukumbushe mimi nilipoishia. Agosti ile ziwa lilichafuka siku mbili, boti haikutoka. Niliposhuka Kibirizi mama ameshazikwa na mchungaji wako, bila Misa. Wanajumuiya wenzake walikuja na rozari zao, ukawazuia mlangoni. Ukasema mama ameokoka, ameyakana mambo yale, ameinua mkono wake mwenyewe kumpokea Yesu. Mama yetu, aliyetufundisha kusali kabla ya kutufundisha kufunga kamba za viatu!

Na mimi nikakuamini. Hukujua hili, basi lijue leo. Sikukukasirikia wewe peke yako, nilimkasirikia na mama. Kila tarehe mbili Novemba hapa kigangoni tunasoma orodha ya marehemu wetu. Mimi ndiye ninayeiandika. Mara tatu nimeiandika bila jina la Leonia. Nilijiambia kwamba kama alitukataa, tusimlazimishe. Watu wanaliona pengo lile na hawaniulizi.

Sasa unataka kuingia kwa mlango uleule uliomtolea mama. Sawa. Nijibu moja tu kwanza. Siku ile mama aliinua mkono kweli? Nani alikuwepo?

Dada yako,
Genoveva


Kasingirima, Ujiji
20 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na mafua ya watoto aliyonitajia Alphonce yamepona. Mwambie shemeji samaki wake, wale mgebuka, nimewapata, wanono kweli, tumewala kwa ugali wa muhogo hadi Joanitha akauliza ni wa sherehe gani. Nikasema ni wa mteja tu.

Nimeanza kukaa na Padri Theophil siku za Jumanne. Ni mzee, masikio mazito, lakini moyo wake unasikia. Ananieleza mambo niliyoyadharau na naona nilidharau nisichokijua. Nilikuwa nataka kukuuliza, siku nitakapopokelewa, kama wewe ungekubali kunisimamia.

Kuhusu mama, dada yangu, yale yamepita. Tusifukue makaburi. Mungu anajua.

Mdogo wako,
Meshack


Mwamgongo
1 Agosti 2024

Meshack,

Sisi wazima. Umejibu yote ambayo sikukuuliza.

Mungu anajua, vizuri. Mimi sijui.

Dada yako,
Genoveva


Kasingirima, Ujiji
22 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Hali yako leo siulizi, sina uso wa kuiuliza.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Padri Theophil kuungama. Nilipiga magoti nikaanza na zile ndogo ndogo, hasira, kiburi, maneno ya sokoni. Nilipofika kwa mama ulimi ukagoma. Nikainuka nikasema samahani padri, nimesahau spana nje. Hakuniuliza spana ya nini mtu anayeungama. Alisema tu, "Ikionekana, urudi." Nilitembea hadi nyumbani natamani ardhi ipasuke.

Basi nakwambia wewe kwanza.

Ilikuwa saa nane mchana. Mama akili yake ilikuwa timamu. Aliniambia, "Niitie padri." Nikamwambia, mama, Yesu yupo hapa hapa, padri wa nini? Akarudia. Zuhra, jirani yetu, alikuwa anamkanda miguu. Akasema, "Meshack, mwitie mama padri wake. Mgonjwa hanyimwi. Kama wewe huwezi, sema, mimi navaa baibui langu sasa hivi nakwenda." Mwislamu, dada, yuko tayari kwenda parokiani kumwitia mama padri! Na mimi niliyetoka tumboni mwake nikasema padri amesafiri kwenda Kasulu. Nilidanganya. Alikuwepo, dakika ishirini kwa mguu.

Kisha mama akaomba rozari yake. Nikasema sijui ilipo. Ilikuwa kwenye boksi langu la nyaya, nilikuwa nimeificha mwenyewe. Mama hakubishana na mimi. Afadhali angebishana. Alifumba macho, akainua mkono wa kulia kidogo juu ya shuka, akaanza kugusa vidole kwa kidole gumba, kimoja kimoja, midomo inacheza. Unajua alichokuwa akifanya. Ndivyo alivyotufundisha ndani ya boti tukiwa wadogo, siku ile alipoisahau rozari nyumbani: Mungu amekupa vidole kumi, hivi huvisahau popote. Alimaliza mkono huo akaanza wa pili. Akarudi wa kwanza. Alikata roho kabla ya saa kumi.

Huo ndio mkono alioinua mama.

Usinitetee moyoni kwamba labda niliona vibaya. Nilijua ninachokiona. Jioni ile Mchungaji aliponiuliza mama ameondokaje, nikasema aliinua mkono. Jumapili nikasimama madhabahuni nikatoa ushuhuda, watu mia nne wakapiga makofi na kulia. Mwaka uliofuata nikafanywa mzee wa kanisa. Sababu yenyewe ni ndogo hadi naona haya kuiandika. Nilikuwa nimewahubiria majirani miaka kumi na miwili. Nilifikiri watanicheka wakisikia mama yangu mwenyewe kafa na rozari mkononi. Niliikimbia aibu ndogo nikaangukia kubwa.

Rozari ninayo. Nilitaka kumpa Alphonce akuletee, mkono ukakataa.

Mdogo wako, kama bado unanikubali,
Meshack


Mwamgongo
13 Oktoba 2024

Meshack,

Sitakudanganya kwamba mimi mzima. Nililala siku nne, watoto wakadhani ni malaria. Shemeji yako aliisoma barua akatoka kwenda kukaa na nyavu zake, na yule mtu wa mzaha mpaka leo hajafanya mzaha.

Miaka mitatu nimemnyima mama jina lake, mama aliyekufa akisali. Kila aliyenitajia Leonia nilibadilisha mazungumzo. Huo ni mzigo wangu, sikubebeshi wewe. Ungenidanganya mara mia, bado mimi nilimjua mama kuliko nilivyokujua wewe, na nilichagua kukuamini wewe. Naona aibu mbele ya Mungu na naona aibu mbele ya mama.

Lakini wako ubebe. Naona unataka yaishie kwetu wawili, karatasi kwa karatasi, Alphonce akivusha. Hapana, ndugu yangu. Uongo uliusema kwa spika, usije kuukanusha kwa bahasha. Watu mia nne walikusikia. Anza na Zuhra. Yule mama wa watu ulimdanganya mbele ya mgonjwa aliyekuwa anamkanda. Halafu nenda ukasimame palepale uliposimama.

Ukimaliza, niandikie. Ukishindwa, usiniandikie tena.

Dada yako,
Genoveva


Kasingirima, Ujiji
28 Oktoba 2024

Dada Genoveva,

Shikamoo. Naomba Mungu umepata nguvu na unakula.

Nilianza na Zuhra kama ulivyosema. Nilimkuta uani anachambua mchele. Alinisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo, nilipomaliza akasema, "Nilijua, baba. Padri wenu nilimwona sokoni kesho yake asubuhi, ananunua nyanya." Nikamwuliza mbona alinyamaza siku zote hizi. Akasema, "Ningekuumbua mbele ya maiti ya mama yako? Nilikuachia mwenyewe. Umechelewa, lakini umefika. Kaa unywe chai."

Jana Jumapili nikaomba dakika tano za ushuhuda. Mchungaji alifurahi, maana ule wa kwanza bado anausimulia. Nikasema mama yangu Leonia hakuinua mkono kuokoka, alikuwa anahesabu rozari kwa vidole kwa sababu ile yake niliificha. Nikasema aliomba padri nikamdanganya. Hapo sauti ikakatika. Mitambo ile nimeifunga kwa mikono yangu, naijua, haikuharibika. Mwenzangu kwenye miksa alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaendelea kwa mdomo mtupu. Viti vya mbele walisikia, wa nyuma sijui. Wengine walitoka. Mama mmoja alisema nina pepo, na wiki mbili zilizopita huyohuyo aliniletea ndizi.

Mchungaji Eliakimu nisimsingizie. Hakunifukuza wala kunitukana. Aliniomba funguo za chumba cha mitambo kwa upole, macho yamejaa machozi. Hakunituma kudanganya yule. Walinipenda pale, dada, na walinipokea nikiwa kijana nisiye na mbele wala nyuma.

Jana Joanitha alipika, akaniwekea mezani. Leo asubuhi kasema neno moja tu: "Meshack, mimi nilikupenda siku ya ushuhuda ule." Nimekaa nalo mchana kutwa.

Nilipitia kwa Padri Theophil nikamwambia spana imeonekana. Akaniwekea kiti. Sasa nimeungama, na Alhamisi nitawafuata wanajumuiya wa mama wanaposali, wale niliowazuia mlangoni.

Sikuombi kitu. Uliniambia nikimaliza nikuandikie, ndiyo nimekuandikia.

Mdogo wako,
Meshack


Mwamgongo
31 Oktoba 2024

Mdogo wangu Meshack,

Tumsifu Yesu Kristo. Jibu kwa sauti, hata kama hapo ulipo unasoma peke yako. Mwakeye? Umeamkaje? Umekula? Joanitha mpe salamu zangu na umpe muda. Usimhubirie. Umewahubiria watu vya kutosha.

Nisikudanganye, sijakusamehe yote. Nimeusamehe ule uongo wa madhabahuni, na wa mlangoni kwa wanajumuiya nao nimeuacha. Pale kwenye boksi la nyaya bado nimekwama. Kila nikifika naona vidole vya mama na hasira inanipanda upya. Nitafika. Usiniharakishe.

Jumamosi ni tarehe mbili. Orodha nimeiandika jana, jina la kwanza ni Leonia. Nilipomaliza kuliandika nililia kama mtoto, shemeji yako akanifutia uso kwa fulana yake inayonuka samaki. Padri siku hiyo hafiki huku, kwa hiyo ibada naongoza mimi, na majina utasoma wewe. Hatuna spika. Sola yetu inawasha taa mbili tu. Itabidi upaze sauti benchi la nyuma wasikie, na safari hii hakuna wa kukukatia.

Alphonce atakukabidhi barua hii kesho asubuhi, na saa sita anageuza kutoka Kibirizi. Nimemwambia akuwekee nafasi. Namba yako nimeifungua, ila usinipigie, njoo tu.

Rozari ya mama njoo nayo, lakini usinipe. Ishike wewe. Mimi mwaka huu nitahesabu kwa vidole.

Dada yako,
Genoveva